Kutazama na Kupiga Picha Ndege Dodoma: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Uwanja wa ndege wa Dodoma uko mjini kabisa. Mtu anakunywa chai yake mtaani, anasikia mlio, anainua kichwa na kuiona Bombardier ikishuka huku magurudumu yameshatoka. Kwa wengi habari inaishia hapo. Kuna wachache wetu ambao hapo ndipo inapoanzia: hiyo ni ndege gani hasa, namba yake ya usajili ni ipi, imetoka wapi, na kwa nini leo imetua ikitazama mashariki wakati jana ilitua ikitazama magharibi?

Wanaoanza huniuliza wanunue kamera gani, na jibu langu ni lilelile kila mara: acha kamera kwanza, jifunze upepo na jua. Uwanja wetu una ndege chache kwa siku. Ukiikosa moja, pengine utasubiri saa kadhaa kuipata nyingine. Mwenye simu ya kawaida anayejua ndege itatokea upande gani na jua litakuwa wapi wakati huo atarudi na picha nzuri kuliko mwenye lenzi ya mamilioni aliyesimama upande usiofaa. Uchache huo kwangu ni faida. Uwanja wa Julius Nyerere kule Dar es Salaam zinapishana nyingi hadi huna nafasi ya kuitazama hata moja vizuri, ila hapa kila moja unaipa muda wake.

Hatua ya kwanza: ruhusa kabla ya picha

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloharibu siku ya mtu. Uwanja wa ndege ni eneo la usalama, na Dodoma ni makao makuu ya nchi. Wanaopita hapa ni viongozi wa serikali, wabunge, wageni wa kitaifa na majeshi. Askari akikuta mtu kasimama kwenye uzio na lenzi ndefu ana wajibu wa kukuuliza, na wewe una wajibu wa kumjibu kwa heshima.

Palipo na bango la kukataza picha, usipige. Usielekeze kamera kwenye ndege za jeshi, magari ya jeshi, vituo vya polisi, vizuizi vya ukaguzi au mitambo ya ulinzi. Ndege ya Rais au ya kiongozi mkuu ikitarajiwa, utaona askari wameongezeka barabarani. Hapo weka kamera kwenye begi, funga zipu, ondoka taratibu au kaa utazame kwa macho tu. Usipande uzio, usipitishe lenzi kwenye tundu la uzio, wala usisimame kwenye mstari wa ndege zinazoshuka ukiwa na taa au kioo cha kumulika. Droni iache nyumbani. Kuirusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na karibu na njia ya ndege haina nafasi hata ukiwa na nia njema namna gani.

Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: usiache mabaki ya chakula karibu na uwanja. Mifupa ya kuku na maganda huita mwewe na kunguru, na ndege hao wakiingia kwenye injini ni hatari ya kweli kwa watu walio angani.

Ukitaka kupiga picha ukiwa ndani ya eneo la uwanja, andika barua kwa Meneja wa Uwanja, chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania. Barua fupi hupokelewa vizuri zaidi kuliko maelezo marefu. Mfano:

*Yah: Ombi la kibali cha kupiga picha za ndege za abiria*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa mtaa wa ..., mwenye namba ya NIDA ... . Ninapenda kupiga picha za ndege za abiria kwa ajili ya kumbukumbu binafsi, si kwa biashara. Naomba kuruhusiwa kupiga picha tarehe ..., kuanzia saa ... hadi saa ..., nikiwa sehemu mtakayonielekeza. Nitatumia kamera moja na lenzi moja. Sitapiga picha za walinzi, mitambo ya usalama wala ndege za serikali. Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa.*

Barua ya mwenyekiti wa mtaa ina uzito kuliko unavyodhani, maana inamwonyesha anayesoma kwamba una kwenu na unajulikana. Jibu likichelewa, fuatilia kwa upole. Likiwa hapana, likubali, kwa sababu bado una barabara za umma na mapaa ya majengo ya watu.

Mapaa yenyewe yana utaratibu wake. Tafuta hoteli au mgahawa wa ghorofa wenye roshani inayotazama upande wa uwanja, agiza chakula, kisha ongea na mwenye mahali. Mwonyeshe picha ulizopiga na umwambie unachofanya. Na popote utakaposimama, ukimwona askari anakuja, mtangulie kwa salamu: "Habari za kazi, afande. Mimi ni mkazi wa hapa, napiga picha za ndege za abiria. Kama hapa hairuhusiwi naomba unielekeze." Mpe kitambulisho na umwonyeshe picha kwenye kioo cha kamera. Akisema futa, futa mbele yake. Ukishafahamika kwa adabu, siku nyingine yeye ndiye atakayekuambia ni wapi pa kusimama bila usumbufu.

Hatua ya pili: zijue ndege zetu

Hapa ndipo penye utamu wenyewe, na hapahitaji senti.

Anza na namba ya usajili. Kila ndege ya kiraia huwa na herufi zake zilizoandikwa karibu na mkia. Za Tanzania huanza na 5H, kisha kistari na herufi tatu. Kenya ni 5Y, Uganda 5X, Rwanda 9XR, Burundi 9U, Zambia 9J, Malawi 7Q, Ethiopia ET, Afrika Kusini ZS. Ukiona N bila kistari, ndege hiyo imesajiliwa Marekani. Kwa kampuni zetu herufi zinasaidia zaidi ya hapo: ndege mpya za Air Tanzania zimekuwa zikipewa 5H-TC na herufi moja mbele, na za Precision Air 5H-PW na herufi moja. Ukiziona hizo huna haja ya kusoma jina ubavuni.

Sasa aina. Watu wa hapa huita kila ndege ya pangaboi "Bombardier", lakini ziko mbili zinazochanganywa. De Havilland Dash 8-400, ambayo wengi huiita Q400, ndiyo ya Air Tanzania. ATR ni ya Precision Air. Zote zina mabawa juu ya kiwiliwili, injini mbili, mapanga sita kwa kila injini na mkia wenye umbo la herufi T. Kuzitofautisha, tazama magurudumu. Ya Q400 ni marefu na yanatoka kwenye injini zenyewe, kiasi kwamba ndege inapokuja kutua inaonekana kama korongo anayeshusha miguu. Ya ATR ni mafupi na hukunjwa kwenye uvimbe ulio tumboni, chini ya kiwiliwili. Urefu pia unasaidia: Q400 ina karibu mita 33, ATR 72 ina mita 27 na kidogo. Ikiwa imeegeshwa, angalia abiria wanapandia wapi. Mlango wa abiria wa ATR uko nyuma kushoto, na mbele ni mlango wa mizigo. Q400 hupandiwa mbele kushoto.

ATR ina tabia moja ambayo nikimwonyesha mtu mara ya kwanza huwa hasahau. Haina injini ndogo ya mkiani ya kuipa umeme ikiwa chini, ambayo ndege nyingi za ukubwa huo na zaidi zinayo. Badala yake, injini ya kulia inaweza kuachwa ikiunguruma huku pangaboi lake likiwa limefungwa breki. Kwa hiyo utaiona imesimama, mapanga yametulia kimya, na mlio unasikika kabisa, hewa ya moto ikitetemeka nyuma ya injini hiyo. Asiyejua anadhani mlio unatoka kwingine. Subiri: rubani akiwa tayari, breki inaachiwa, panga la kwanza linasogea kwa uvivu, la pili linafuata, na ndani ya sekunde chache hulioni tena hata moja. Hiyo ni picha ya video kuliko ya mnato.

Ndege ya jeti unayoweza kuiona hapa ni Airbus A220-300 ya Air Tanzania, yenye urefu wa karibu mita 39 na injini mbili nene chini ya mabawa. Ya kwanza, 5H-TCH, iliingia nchini Desemba 2018. Ndani viti vimepangwa viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, jambo utakalolithibitisha siku utakayoipanda. Twiga mkiani ndiye alama ya shirika zima, kwa hiyo usimtumie kutambua aina.

Halafu kuna Cessna Caravan: injini moja puani, bawa juu lililoshikiliwa na nguzo ubavuni, magurudumu yasiyokunjwa. Hizi ndizo zinazobeba watu kwenda kwenye viwanja vya udongo, kwa mfano Msembe ndani ya hifadhi ya Ruaha. Usizidharau. Kwa mpiga picha, Caravan inayotua kwenye udongo mwekundu ina uhai kuliko jeti kwenye lami.

Hatua ya tatu: jua upepo unavuma kutoka wapi

Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo. Njia ya kurukia ya Dodoma imelala mashariki kwa magharibi, na ncha zake huitwa 09 na 27. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizokatwa sifuri ya mwisho: 09 ni nyuzi 90, mashariki, 27 ni nyuzi 270, magharibi. Ndege inayotumia 09 inatazama mashariki. Upepo wetu, hasa kiangazi, kwa kawaida hutoka mashariki au kusini mashariki, kwa hiyo mara nyingi 09 ndiyo inayotumika.

Maana yake kwako ni hii: ndege ya kutoka Dar es Salaam inakuja kutoka mashariki lakini inatakiwa itue ikitazama mashariki. Lazima ipite, izunguke, irudi kutokea magharibi. Ukiisikia ikipita juu, una dakika kadhaa za kujipanga. Siku upepo umegeuka au umetulia kabisa, inaweza kuingia moja kwa moja kwa 27 na ukabaki umekodoa macho upande usio wake.

Ili usibahatishe, soma taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, inayoitwa METAR. Inapatikana bure kwenye intaneti, na alama ya uwanja wetu ni HTDO. Inaonekana hivi:

HTDO 140600Z 10014KT 9999 SCT022 24/15 Q1020

Namba 14 ni tarehe. 0600Z ni saa ya dunia, inayoitwa Zulu. 10014KT ni upepo unaotoka nyuzi 100, karibu mashariki kamili, kwa kasi ya noti 14, kama kilomita 26 kwa saa. 9999 ni kwamba unaona mbali kilomita 10 au zaidi. SCT022 ni mawingu ya hapa na pale futi 2,200 juu ya uwanja. 24/15 ni joto na kiwango cha umande, na Q1020 ni mgandamizo wa hewa. Kwa mfano huu, jiandae kwa 09.

Saa ya Zulu huwachanganya watu kwa sababu lazima uongeze 3 kupata saa ya Afrika Mashariki, halafu ugeuze kuwa saa ya Kiswahili. Njia ya mkato: toa 3 tu kwenye saa ya Zulu. 0600Z ni saa 3 asubuhi. 0900Z ni saa 6 mchana. 1200Z ni saa 9 alasiri. Ikizidi 12 baada ya kutoa, punguza 12: 1600Z ni saa 1 usiku.

Hatua ya nne: jua liko upande gani

Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia wiki ya kwanza ya Machi hadi wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini mwetu. Miezi hiyo simama kaskazini mwa njia ya kurukia, jua likiwa mgongoni, ukitazama kusini. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linahamia kusini, nawe hamia kusini, ambako ndiko kwenye kitovu cha mji. Karibu na tarehe za kubadilika, jua la mchana liko utosini kabisa na hakuna upande wenye nafuu, hivyo piga asubuhi au jioni.

Unganisha sasa jua na upepo. Asubuhi, ndege inayotumia 09 inatazama jua. Pua, vioo vya rubani na mapanga vyote vinang'aa. Jioni ndege ileile ina uso gizani na mkia juani. Ndiyo sababu naipenda zaidi ndege ya asubuhi kuliko ya jioni, ingawa mwanga wa jioni una rangi nzuri zaidi. Ukiwa na jioni tu, usihangaike na pua: subiri ipite, piga kutoka nyuma kidogo, twiga mkiani akipokea jua lote.

Mchana wa kiangazi kuna zawadi moja ambayo Dodoma inatoa bila kuombwa. Ardhi kavu, nyeupe-nyeupe na nyekundu, inarudisha mwanga juu na kulimulika tumbo la ndege ambalo mahali pengine lingekuwa jeusi. Mvua zikishakuja, kuanzia Desemba, majani yakiota, zawadi hiyo inapungua. Badala yake unapata mawingu makubwa ya alasiri na hewa iliyooshwa vumbi.

Hatua ya tano: vifaa

Nitapita haraka. Simu yenye kamera ya kawaida inatosha kwa ndege iliyo karibu na kwa picha za mandhari zenye ndege ndani yake. Ukiamua kununua kamera, tafuta iliyotumika yenye lenzi ya milimita 70 hadi 300. Inatosha kwa uwanja kama wetu, na kubwa zaidi itakuletea mtetemo wa joto tu. Jaribu foksi na vitufe vyote dukani kabla ya kulipa, na upige picha ya anga tupu kisha uikuze kutafuta madoa ya vumbi. Nunua betri ya pili kabla ya lenzi ya pili. Kofia, maji, kitambaa laini na pampu ndogo ya kupuliza vumbi viwe kwenye begi siku zote. Kiangazi chetu kina upepo wenye vumbi. Ukibadilisha lenzi nje, umeshakaribisha vumbi ndani ya kamera.

Hatua ya sita: mipangilio ya kamera

Kwa jeti, weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, 1/640 ya sekunde au haraka zaidi, tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 hadi 400, na umemaliza.

Pangaboi ndilo somo. Ukilipiga kwa kasi kubwa, mapanga yanaganda na ndege inaonekana imezimika ikiwa hewani. Picha hiyo haina uhai hata ikiwa kali namna gani. Tupige hesabu. Pangaboi la Q400 wakati wa kupaa huzunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani mara 17 kwa sekunde, sawa na nyuzi 6,120 kila sekunde. Kati ya panga na panga kuna nyuzi 60. Kwa shata ya 1/1000, kila panga linasogea nyuzi 6 tu: limeganda. Kwa 1/250 linasogea nyuzi 24, unaona mwendo. Kwa 1/125 ni nyuzi 49, karibu duara zima limejaa. Kwa 1/100 duara linakamilika. Inapokuja kutua pangaboi linaweza kuzunguka polepole zaidi, kwa hiyo shuka hatua moja. Caravan ina mapanga matatu tu, lakini huzunguka hadi mara 1,900 kwa dakika, na 1/250 inatosha kukupa mwendo wa kuridhisha.

Tatizo ni kwamba kwa 1/125 na lenzi ya milimita 300, mkono wako ukitikisika kidogo picha nzima imekufa. Dawa ni kuifuata ndege kwa mwili, siyo kwa mikono. Simama miguu imeachana, uelekeze mahali unapotaka kumalizia, kisha geuza kiuno urudi kuanzia ndege inapotokea. Viwiko vibane mbavuni. Anza kuifuata mapema, kabla hujabonyeza, weka alama ya foksi kwenye herufi za ubavuni au kwenye mlango wa mbele, bonyeza kwa upole picha tatu au nne mfululizo, na uendelee kugeuka hata baada ya kuachia kitufe. Fanyia mazoezi bodaboda na daladala barabarani, maana zinapita nyingi kuliko ndege na hazihitaji kibali cha mtu. Anza na 1/320, ukizoea nenda 1/250, halafu 1/160. Usiruke ngazi.

Kamera inadanganywa na anga jeupe na kuifanya ndege iwe nyeusi. Ongeza mwanga kwa theluthi moja hadi hatua moja nzima, kisha angalia grafu ya mwanga: isigonge ukuta wa kulia, la sivyo weupe wa kiwiliwili utapotea bila kurudi. Piga RAW, yaani faili ghafi ya picha, kama kamera inaruhusu.

Joto

Uwanja uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na lami inachemka kuanzia kama saa 4 asubuhi. Hewa ya moto inayopanda hupinda mwanga, na ndege iliyo mbali inaonekana kama inayeyuka. Lenzi ya bei yoyote haitibu hilo, wala programu ya kusafishia picha. Kuna njia tatu tu: piga mapema, piga ikiwa karibu, au piga ikiwa juu angani ambako hutazami kupitia hewa ya lami. Mwinuko huo pamoja na joto ndio pia unaofanya ndege ikimbie mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, kwani hewa nyepesi inayapa mabawa na injini nguvu ndogo. Mchana wa Oktoba usiitegemee inyanyuke palepale iliponyanyukia asubuhi ya Julai.

Hatua ya saba: ratiba na ramani za kufuatilia

Ratiba za kampuni hubadilika, kwa hiyo zisome kwenye kurasa zao wiki unayotaka kutoka. Kuna msimu pia. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, na miezi hiyo mji unajaa. Mikutano mingine ya Bunge nayo huongeza watu. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, abiria wana njia nyingine, hivyo usitegemee ratiba ya miaka ya nyuma. Fuatilia pia Msalato, nje ya mji kwa barabara ya kwenda Arusha, kwenye mradi wa uwanja wa kimataifa wenye njia ya kurukia ya kilomita 3.6. Njia ya urefu huo ni ya ndege kubwa kuliko tulizozoea.

Programu kama Flightradar24 huonyesha ndege kwa sababu ndege zenyewe hutangaza mahali zilipo kwa redio ya megahezi 1090, na watu wa kawaida walioweka vipokezi majumbani huzipokea na kuzituma kwenye intaneti. Mawimbi hayo husafiri kwa mstari ulionyooka. Ndege iliyo juu kilomita 11 inaweza kusikika kutoka kilomita 400 hivi, lakini iliyoshuka hadi mita 300 inafichwa na mviringo wa dunia baada ya kilomita 70, au mapema zaidi kukiwa na vilima. Ndiyo maana ndege huonekana vizuri kwenye ramani kisha hupotea inapokaribia kutua mahali pasipo na kipokezi jirani. Ukitaka kuchangia, unahitaji kipokezi kidogo cha USB, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, antena juu ya paa na intaneti ya kudumu. Flightradar24 huwapa wanaotuma data akaunti ya juu bila malipo. Eneo letu kwa sehemu kubwa ni tambarare, antena inaona mbali sana.

Usiache kutazama zilizo juu kabisa. Mstari ulionyooka kati ya Nairobi na Johannesburg unapita karibu na Dodoma, na ule wa Addis Ababa na Johannesburg hauko mbali sana, upande wa Singida. Siku ya anga safi utaziona zikiacha mistari myeupe: mvuke wa injini unaoganda kwenye baridi ya huko juu. Hewa ya juu ikiwa kavu mstari ni mfupi na unafutika upesi, ikiwa na unyevu unabaki na kutanuka. Kwa hizi darubini ya kawaida ya 10x50 inakupa raha kuliko kamera.

Hatua ya nane: andika

Nunua daftari gumu, siyo karatasi za kupotea. Kila ndege ipate mstari wake: tarehe, saa, namba ya usajili, aina, kampuni, ncha iliyotumika, upepo, uliposimama, na neno moja la ziada. Kwa mfano: *saa 2:40 asubuhi, 5H-TCH, A220, Air Tanzania, ilitua 09, upepo mashariki, jua zuri puani.* Baada ya miezi michache daftari linaanza kukufundisha. Utajua ndege ipi hupendelewa kwa safari za asubuhi, ipi haijaonekana muda mrefu na pengine iko matengenezoni, na upepo hugeuka miezi gani. Kwa kijana anayefikiria Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au kazi ya kuongoza ndege, daftari kama hilo ni mwanzo mzuri wa mazungumzo.

Hatua ya tisa: kusafisha na kuonyesha picha

Kwanza nyoosha picha. Usitumie kilima cha nyuma kama kipimo, maana vilima vyetu vina miteremko. Tumia nguzo ya taa au ukuta wa jengo. Kata picha ndege iwe katikati, ikiwa na nafasi ndogo iliyolingana mbele na nyuma. Tafuta madoa ya vumbi kwenye anga na uyafute moja moja. Usizidishe ukali wala rangi. Weupe wa ndege ubaki mweupe.

Tovuti kama JetPhotos na Planespotters.net hupokea picha kutoka popote, na wakaguzi wa JetPhotos ni wakali: picha iliyolala kidogo, yenye mtetemo wa joto au doa moja la vumbi inarudishwa. Ikirudishwa, soma sababu, rekebisha, tuma tena. Picha za viwanja vya katikati ya Tanzania ni chache huko, na iliyo nzuri inatazamwa.

Unapoweka mitandaoni, zingatia mawili. Usionyeshe sura za abiria wanaopanda bila ridhaa yao. Na usitangaze mienendo ya ndege za viongozi hata kama umeziona kwa macho yako. Picha zako zihifadhi sehemu mbili, diski ya nje na mtandaoni, na jina la faili lianze na tarehe na namba ya usajili, ili ndege hiyo ikipakwa rangi mpya au ikistaafu, uipate kwa kuandika herufi tatu.